Piano Inayosubiri Zamu Yake

Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi ya kwaya yetu hapa Tabora mjini, tulibaki watu saba, tukaegemeza kompyuta mpakato kwenye spika ya kinanda na kutazama tamasha lililorekodiwa Vienna mwaka 1989. Mpiga piano alikuwa Krystian Zimerman wa Poland, aliyeshinda mashindano ya Chopin ya Warsaw mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 18, naye alikuwa akipiga koncheto ya nne ya piano ya Beethoven, mtunzi wa Kijerumani, pamoja na okestra ya Vienna Philharmonic chini ya uongozi wa Leonard Bernstein.

Koncheto ni utungo unaomweka mpiga ala mmoja mbele ya okestra nzima, na kwa desturi ya enzi za Beethoven okestra ndiyo iliyotangulia, ikamwandalia njia nyota wa siku hiyo. Katika koncheto hii piano ndiyo inayoanza, peke yake na kwa upole, kama mtu anayebisha hodi. Kisha vayolini na wenzake hujibu kwa upole uleule, lakini kwenye ufunguo mwingine kabisa, yaani ngazi nyingine ya sauti.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonishika. Ala za nyuzi zinaunguruma kwa sauti moja, kali na kavu, na piano inajibu chini chini bila kushindana nazo; zinakaripia tena, nayo inajibu vilevile, hadi ukali wao unapungua kidogo kidogo na kwisha. Tukiwa hapo mvua ilianza kupiga mabati na hatukusikia kitu, kwa hiyo mwenzetu mmoja alisimamisha picha, tukangoja karibu nusu saa, na hakuna aliyeaga. Beethoven mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye piano koncheto hii ilipopigwa hadharani Vienna tarehe 22 Desemba 1808, katika tamasha lililochukua takriban saa nne, na wakati huo masikio yake yalikuwa yamekwisha kuanza kumsaliti. Kila nikiikumbuka habari hiyo, moyo unanisisimka.

Kwa maoni yangu, umaarufu wa Zimerman hautokani na wepesi wa vidole pekee, maana usikivu wake unaonekana hata usoni: okestra inapopiga, yeye huigeukia na kuifuata kama anayesikiliza neno la mkubwa wake. Hapo ndipo ninapowahurumia wapiga vinanda wa kwaya zetu. Tumewazoesha kubonyeza biti ya mashine, kuongeza sauti na kuendelea mbele, na mashine haijui kwamba besi wanavuta pumzi wala kwamba sauti ya kwanza inataka kulishikilia neno la mwisho. Najua wapo watakaosema kwamba bila biti waumini hawachezi, na hoja hiyo siipuuzi. Lakini ngoma za Unyamwezi zilichezwa miaka na miaka bila mashine, na mpiga ngoma aliyeijua kazi yake aliitazama miguu ya wachezaji kabla hajaongeza mwendo.

Nimemwomba mpiga kinanda wetu azime biti katika mazoezi ya Jumatano, tuanze na ule wimbo wa toba ambao sauti ya tatu huchelewa kuingia kila mara, naye awasubiri.