Mkongojo kabla ya kisu

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani, ana miaka 36. Ukimuuliza anaumwa wapi, hanyooshi kidole. Anapanua kiganja, dole gumba linakwenda nyuma kwenye kalio, vidole vinne vinakamata kinena, kama mtu anayeshika nyonga isimponyoke. Madaktari wa mifupa wanaijua ishara hiyo: mgonjwa akijishika namna ile, kiungo chenyewe ndicho cha kuchunguza kwanza, si mgongo. Yeye alichomwa sindano za mgongo na kumeza dawa za baridi yabisi kwa miaka minne kabla mtu hajaamua kumpiga picha ya nyonga. Picha ikaonyesha kwamba kikombe cha nyonga ya kushoto ni kifupi, hakikukomaa tangu utotoni, na kichwa cha mfupa wa paja kimefunikwa nusunusu, kama mtu aliyejibanza mvua ikinyesha chini ya kibaraza chembamba.

Wataalamu hupima ufunikaji huo kwa pembe aliyoieleza Msweden Gunnar Wiberg mwaka 1939. Nyuzi 25 na kuendelea hazina neno, chini ya 20 ni displasia, yaani kikombe kisichokomaa. Yake ni 17. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, bado ipo. Imeanza tu kulika pembeni.

Tangu siku hiyo nyumbani kuna kambi mbili. Kaka yetu mkubwa anataka awekewe nyonga ya bandia, hata ikibidi kuuza kiwanja aende India. Mtaalamu wa fiziotherapia alishauri mazoezi, kupunguza uzito, mkongojo, na picha nyingine baada ya mwaka. Mkongojo ndio ulioleta maneno. Mama alisema tunamzeesha mwanawe. Wateja wakaanza kumpa pole ya ajali ambayo hakuipata. Na kaka akaniambia jambo lililonikaa kooni mpaka leo: "Mazoezi ni dawa ya wasio na hela."

Kaka anampenda mdogo wake, na hoja yake si ya kubeza. Tangu John Charnley alipofanikisha nyonga yake ya bandia pale Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, upasuaji huu umewainua watu waliokuwa hawawezi kuvaa soksi wenyewe. Mwaka 2024 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 109 ambao nyonga zao zilikuwa zimelika sana. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji, jingine likafanya mazoezi ya kuinua uzito kwa wiki 12. Baada ya miezi sita, kwenye kipimo cha maumivu na matumizi ya nyonga chenye alama 48, waliopasuliwa walikuwa wamepanda karibu alama 16. Wa mazoezi alama 4 na nusu tu. Tofauti hiyo haina ubishi. Mzee ambaye gegedu imekwisha, mfupa unasaga mfupa na usiku halali, ukimpa zoezi la kunyanyua mguu badala ya rufaa ya upasuaji unamtesa.

Ila jaribio lile lilikuwa la watu wa miaka 50 na zaidi ambao kiungo chao kilishachakaa. Mdogo wangu hayumo humo. Yeye ana kiungo kilichoumbwa vibaya ambacho bado hakijaharibika sana, na mbele yake, Mungu akipenda, kuna miaka arobaini ya kutembea. Swali lake ni jingine kabisa: nyonga ya bandia itakaa muda gani?

Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha jumuisho la takwimu za nyonga za bandia zilizofuatiliwa kwa muda mrefu. Baada ya miaka 25, kama 58 kati ya kila 100 zilikuwa bado hazijabadilishwa. Kaka aliponisomea namba hiyo alikuwa amefurahi: zaidi ya nusu, robo karne! Kwa aliyepasuliwa akiwa na miaka 70, ni habari njema kweli, kwa maana nyonga hiyo huenda ikamzika. Mpe sasa fundi wa miaka 36. Miaka 25 ikipita ana 61. Bado anakata vitambaa, bado anapanda daladala, pengine analea wajukuu, na kati ya wenzake 100 waliopasuliwa siku moja naye, 42 wameshalazwa tena mezani. Na hapo nimemhesabia vizuri, kwa sababu wengi walioingia kwenye takwimu za namna hii ni wazee, na mzee hakitumii kiungo kama fundi.

Upasuaji wa pili haufanani na wa kwanza. Mfupa umepungua, makovu yamejaa, chuma cha zamani lazima king'olewe kwanza, hatari ya maambukizi inapanda na gharama pia. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2017, ulitazama umri wa mtu anapopasuliwa na uwezekano wa kurudi mezani maishani mwake. Waliokuwa na zaidi ya miaka 70 ni kama 5 kwa 100. Kwa walio mwanzoni mwa hamsini uwezekano ulipanda mara kadhaa, na kwa wanaume zaidi ya wanawake. Hesabu hiyo ilianzia miaka 50. Wa miaka 36 hata hawakuwekwa kwenye jedwali. Nimeitazama ngazi hiyo mara nyingi, na kila mara naona kwamba kila mwaka ambao mdogo wangu anautembelea kwa nyonga yake mwenyewe, bila mateso, ni mwaka aliojiwekea akiba. Ni kweli kwamba plastiki za siku hizi zinalika polepole kuliko za zamani, na nyonga za leo huenda zikadumu zaidi ya hizo 58. Nakubali. Hata hivyo atakayepasuliwa miaka 15 ijayo huenda akapata zilizo bora kuliko za leo.

Sasa nirudi kwenye mkongojo uliomkera mama.

Umewahi kumwona mtu na mzegazega ambao bega halikukaa katikati? Ndoo ya upande mrefu inavuta chini, na ili mti usipinduke lazima ashike upande mfupi na kuukandamiza kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa ndoo. Bega linabeba vyote viwili, ndoo na mkono. Nyonga hufanya hivyohivyo kila unaposimama kwa mguu mmoja, yaani kila hatua. Mwili ndio ndoo ya upande mrefu. Msuli wa pembeni mwa nyonga ndio mkono wa upande mfupi. Bega ndilo kiungo chenyewe. Watafiti wa Berlin waliweka vipimo ndani ya nyonga za bandia za wagonjwa wakawaacha watembee, na mwaka 2001 wakatangaza walichokiona: kutembea kwa kawaida kunaiweka nyonga chini ya mzigo wa asilimia 238 ya uzito wa mwili, kupanda ngazi 251, kushuka 260. Mwenye displasia ana taabu ya ziada, maana bega lenyewe ni dogo na mzigo wote unaelemea ukingo mwembamba wa gegedu.

Mdogo wangu alikuwa na kilo 84, leo ana 79. Watu wanaona kilo tano ni kitu kidogo. Zidisha kwa 2.38: kila hatua nyonga imepunguziwa kama kilo 12. Akitembea hatua 5,000 kwa siku, nusu yake zinaangukia mguu wa kushoto, na 12 mara 2,500 ni kilo 30,000. Tani thelathini kwa siku, shehena ya semitrela, hazipiti tena kwenye kile kiukingo. Hakuna dawa ya duka inayofanya hivyo.

Na mkongojo? Nyonga mbovu ni ya kushoto, kwa hiyo unashikwa mkono wa kulia. Karibu kila mtu anaukosea hapo, hata yeye alianza kwa kuushika upande unaouma. Ukiwa mkono wa pili, uko mbali na kiungo, na msukumo mdogo tu ardhini unainua ile ndoo ya upande mrefu. Msuli haulazimiki kukandamiza sana na bega linapumua. Kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikunjike kidogo. Mwaka 1956 daktari wa mifupa wa Marekani, Walter Blount, aliandika makala kuwasihi watu wasiutupe mkongojo. Aibu ya mkongojo haikuanzia kwetu.

Mengine ni ya nyumbani, na hayamo kwenye vitabu vya Ulaya. Kwetu kuna mbuzi ya kukunia nazi: unakaa chini kabisa, magoti juu, nyonga imekunjwa mpaka mwisho. Kuna choo cha kuchuchumaa, mkeka, kigoda cha jikoni. Kwa nyonga kama yake mikunjo hiyo inabana ukingo wa gegedu. Nazi sasa anakuna mtoto. Cherehani ya kukanyaga imefungwa mota na kiti kimeinuliwa. Asubuhi analala ubavu wa kulia na kuinua mguu wa kushoto, mara kumi na mbili, anapumzika, anarudia. Kisha chali, anainua kiuno. Akiumwa siku mbili tatu baada ya kuongeza zoezi, hupunguza idadi, haachi. Miezi mitatu ya kwanza haikuonyesha kitu na alilia. Wa tano akaacha kuchechemea jioni.

Na jambo hili wanaosifia nyonga ya bandia hulitaja kwa haraka mno: aliyewekewa naye huonywa na madaktari wengi asichuchumae wala kukaa chini sana, kiungo kisije kikachomoka. Wapo wanaofikiri upasuaji utawarudisha kwenye mbuzi na mkekani. Mara nyingi sivyo.

Kinachoitwa "kuvumilia" mitaani ni kitu kingine, na kinalichafulia jina tunza hili. Ni kumeza diklofenaki kila siku kutoka dukani bila cheti. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliionya isitolewe kwa wenye ugonjwa wa moyo, na vidonda vya tumbo na madhara ya figo vinajulikana siku nyingi. Mbaya zaidi ni vile vidonge visivyo na jina vinavyotuliza kila kiungo kwa siku moja. Vikiwa na steroidi ndani, matumizi ya muda mrefu yanaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja, yaani ile nyonga uliyokuwa unaiokoa.

Kuna hoja moja inayonikosesha usingizi, na haikutoka kwa kaka, ilitoka kwa daktari. Kati ya kungoja na nyonga ya bandia ipo njia ya tatu: kukata mfupa kuzunguka kikombe na kukigeuza kifunike vizuri. Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, waliuanza upasuaji huo mwaka 1984. Katika nyonga 75 za mwanzo kabisa, kama 60 kwa 100 zilikuwa bado zimeokoka baada ya miaka 20. Baada ya miaka 30, kama 29. Lakini unafaa gegedu ikiwa nzima, kwa kijana, na kwa mkono wa daktari aliyefunzwa hasa. Mdogo wangu yuko mlangoni na mlango unafungwa. Kungoja kunaweza kumgharimu nafasi hiyo, na ninayetetea mazoezi siwezi kulipita hilo kimya. Ndiyo maana picha ya kila mwaka ni sehemu ya tiba sawa na zoezi lenyewe. Anayepewa mazoezi asipewe tarehe ya kurudi ameachwa tu njiani.

Na kwa nini iligunduliwa akiwa na 36? Nadhani mbeleko ina sehemu yake, kwa wema wake. Mtoto anayebebwa mgongoni miguu ikiwa imetanuka anakuza kikombe vizuri, na hospitali moja ya mifupa Malawi iliyowapitia watoto 40,683 kwa miaka kumi haikumpata hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa tatizo hili. Huku kwetu basi daktari akimwona kijana anaumwa nyonga anawaza selimundu au kifua kikuu cha mifupa, na anawaza sawasawa. Ila hesabu ile ni ya watoto waliopasuliwa. Haimhesabu mwanamke aliyetembea vizuri mpaka miaka thelathini, kisha kikombe kifupi kikaanza kumdai.

Wiki iliyopita kaka alikuja dukani kwa mdogo wetu akakuta mkongojo umetundikwa kwenye msumari pembeni mwa mota. Akauchukua, akajaribu kuegemea, akaona mpira wa chini umelika upande mmoja. Hakusema neno. Alitoka nao mpaka kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, akarudi ukiwa na kipande kipya cha tairi. Kiwanja hakijauzwa. Picha ni mwezi wa tatu, na daktari ameshatuambia atakachokitazama: upana wa ule uwazi wa gegedu pembeni, milimita kwa milimita.