Majitaka ya Iringa na uzazi wa samaki: tupime madume kiangazi

Ukisema Iringa kwamba homoni zilizomo katika majitaka zinaweza kuvuruga uzazi wa samaki wa Mto Ruaha Mdogo, utajibiwa kwamba hayo ni matatizo ya Wazungu. Jibu hilo lina uzito. Kwao vyoo vingi vimeungwa kwenye mabomba yanayoishia mtoni. Hapa kaya nyingi zina vyoo vya shimo na makaro, na majitaka yanayofika kwenye mabwawa ya kutibu hukaa juani siku nyingi, bakteria wakiyasafisha. Tena samaki wetu wana maadui wanaoonekana kwa macho: makokoro, nyavu za matundu madogo, na Ruaha Mkuu unaokauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu 1993.

Lakini mto unapopungua ndipo ninapopata hofu. Kati ya 2001 na 2003, watafiti wa Canada walitia kwenye ziwa dogo homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, nanogramu (sehemu za bilioni za gramu) 5 hadi 6 tu kwa lita. Madume yakaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, ambayo ni kazi ya majike, mengine yakaota mayai ndani ya korodani, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani. Kwa sumu ya kiwango hicho, kinga ni wingi wa maji, na Oktoba maji hayo hatuna.

Wafugaji wa samaki wa nyanda zetu wanalijua hili kwa vitendo. Vifaranga wa perege wanaouzwa kuwa madume matupu mara nyingi wamelishwa methiltestosteroni, homoni ya kiume, wiki tatu au nne za mwanzo, na majike yakageuka madume. Hatuwezi kuikubali nguvu ya homoni bwawani, kisha tuikane mtoni.

Wanaopiga mbiu ya hatari nao nina ugomvi nao, hasa wanaowatupia lawama wanawake wanaotumia uzazi wa mpango. Estrojeni ya asili, yaani homoni ya kike, imo katika mkojo wa kila mtu, wanaume wakiwemo, na wa mjamzito unayo nyingi zaidi. Ng'ombe vilevile. Vidonge vyote vikiondolewa kesho, mkojo utabaki palepale.

Kinachobadilisha mambo ni usafishaji. Mji wa Kitchener, Canada, uliboresha mtambo wake wa majitaka mwaka 2012, na katika miaka mitatu iliyofuata madume yenye mayai yalipungua sana mtoni. Mtambo kama ule ni ghali kwetu. Mabwawa tunayo, ila tope likijaa chini maji hupita haraka kabla homoni hazijavunjwa, kwa hiyo kulitoa kwa wakati ni kazi ya kutengewa fedha kila bajeti.

Upimaji nao unawezekana. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ina makao yake hapahapa Iringa, na TAFIRI ni taasisi ya utafiti wa uvuvi. Wavue madume juu ya mji na chini ya mabwawa, Septemba na Oktoba, wapime damu kama ina protini ya yai. Maji haya huteremka hadi bwawa la Mtera, ambako familia nyingi zinakula na kusomesha watoto kwa perege na kambale, na majibu hayo ni haki yao.