Hiyo Ni ya Kuonyesha, Mzee

Wiki iliyopita nilipanda boti ya abiria pale Kasenyi, kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda, siyo yangu, yangu ilikuwa imepandishwa nchi kavu inapigwa kalafati, kwa hiyo nikaingia kama abiria mwingine yeyote na kamfuko kangu na chapati mbili. Kabla hatujasukumwa nikamwomba kijana wa boti laifu jaketi. Akanitazama kama nimeomba kiti cha rais. Akainama chini ya mbao za mbele, akavuta moja ya rangi ambayo nadhani zamani ilikuwa ya machungwa, klipu mbili zimekatika, ya tatu imefungwa na uzi wa nyavu. Nikaiminya begani, ikatoa maji. Nawaambia jaketi iliyokuwa imelala tu chini ya mbao, haijavaliwa na mtu, inatoa maji kama sponji ya kuoshea vyombo! Nikamwuliza, kijana, hii ndiyo ya kuniokoa? Akacheka, wala hakuwa na ubaya, akasema: "Hiyo ni ya kuonyesha, mzee."

Ya kuonyesha. Nimekaa na hilo neno wiki nzima limenikwama kooni kama mwiba wa sato.

(Na msiniulize kama nilishuka. Sikushuka. Nilikuwa na safari, na nilikuwa nimeshalipa.)

Kinachoniuma ni kwamba yule kijana hakusema uongo. Alisema kile ambacho sisi wenye boti wote tunajua na hatusemi: jaketi tunanunua kwa ajili ya macho ya afande. Siku ya ukaguzi zinatoka, zinahesabiwa, zinarudi chini ya mbao kulala na petroli na panya. Injini yako ya farasi 40 unajua plagi zake zilibadilishwa lini, unajua oili imebaki kiasi gani, usiku wa manane ukisikia upepo unaamka kwenda kuangalia kama kamba ya nanga imeshika. Nyavu unashona kwa mkono wako mwenyewe kila siku, tundu moja likikuponyoka huli. Lakini muulize mwenye boti yeyote kwenye mwalo wako, jaketi zako uliziangalia lini mara ya mwisho? Atakwambia "zipo". Zipo! Hata mimi suruali yangu ya harusi ipo.

Na tusijifanye hatujui mwisho wake. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama kwenye ziwa letu hili kule Mukono, karibu na ufuo kabisa, watu wamevaa vizuri wametoka kustarehe, zaidi ya 30 hawakurudi, na serikali yenyewe ikasema boti haikuwa na leseni. Miaka miwili kabla ya hapo, Krismasi, Ziwa Albert likachukua vijana wa timu ya mpira na mashabiki wao. Kila mara tunalia wiki mbili, wakubwa wanakuja mwaloni na viatu vinavyong'aa wanasema jaketi ni lazima, sisi tunakwenda kununua jaketi za bei ya chini kabisa, halafu zinaingia chini ya mbao. Mchezo unaanza upya.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hii ndiyo sehemu nataka kupigana nayo. Jaketi haitaki fundi wa kutoka Kampala. Haitaki cheti wala semina yenye soda na bahasha. Inataka pipa la maji na mwenye boti asiye mvivu.

Mimi nina jaketi 14. Niliporudi nyumbani siku ile nikazitoa zote, nikazianika, nikaanza na ya kwanza. Kwanza unaiminya. Povu zuri ni lile lenye vyumba vidogo vidogo vilivyofungwa, ukiliminya linarudi hapo hapo kama tairi lenye upepo. Ukiliminya likabaki na alama ya vidole, au likasagika ndani kama makapi ya mahindi, hilo limekufa, jua limeshalila. Na ukiona linanyonya maji basi ujue umeuziwa godoro. Sitanii, kuna watu wanakata sponji ya godoro wanashona ndani ya kitambaa cha machungwa wanabandika na utepe unaong'aa, na mimi nimezinunua kwa pesa yangu halali huku nikijiona mjanja nimepunguziwa bei.

Halafu pipa. Jaketi ya mtu mzima iliyoandikwa 100 maana yake ni nyutoni 100, yaani inabeba kama kilo 10 juu ya maji. Watu husema mimi nina kilo 80 nitabebwaje na kilo 10, lakini mwili wenyewe unaelea karibu wote, jaketi kazi yake ni ile sehemu ya mwisho, kichwa na mdomo vibaki juu. Kwa hiyo nikachukua mawe ya mizani, yale ya chuma ya kupimia dagaa, nikafunga kwenye jaketi. Angalieni nimesema chuma. Msinifungie tofali, maana tofali likiingia majini linapungua uzito vibaya sana na utajidanganya jaketi ni nzima. Chuma nacho kinapungua, kama sehemu moja kwa nane, ndiyo maana mimi naongeza kilo moja na nusu juu ya zile 10. Ukishafunga unaiacha saa 24. Siyo dakika tano ukapiga picha ukaweka status. Kanuni za meli kubwa za dunia zinataka jaketi ilale majini saa 24 isipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu yake, na maji yenyewe ya kupimia ni matamu kama haya yetu, siyo ya chumvi. Kwa hiyo tusidanganyane eti vipimo vya baharini havituhusu, vinatuhusu kuliko hata watu wa Mombasa, wao chumvi inawainua kidogo.

Jaketi nne zikazama na mawe yao kabla sijamaliza chai. Ya tano ikavumilia mpaka usiku, asubuhi nikaikuta imelala kwenye kitako cha pipa. Tano kati ya 14. Na mimi ndiye yule anayejisifu kwa watu kwamba boti yangu ni safi.

Sawa, mtasema pesa. Ni kweli, jaketi nzuri si bei ya vitumbua, na abiria mwenyewe akipewa anakataa, anasema inanuka, inaharibu gauni la gomesi, mvua yenyewe haipo. Najua. Na nakubali kwa shingo upande kwamba wakaguzi wasingekuwepo hata hizo za godoro zisingekuwepo. Lakini kushona klipu ni pesa gani? Kuosha na maji safi na kuanika kivulini badala ya juani ni pesa gani? Kufunga filimbi isiyo na kile kipunje ndani, maana kipunje kikilowa kinavimba filimbi inanyamaza, ni pesa gani? Hii siyo umaskini, ni dharau tu.

Kuna zile nyingine za kujaza upepo, wageni wa kuvua sangara kwa raha huja nazo shingoni nyembamba kama taulo. Nzuri sana mpaka uzifungue. Ndani kuna kichupa cha gesi, fungua uweke kwenye mizani ya jikoni, uzito wa kichupa kizima umegongwa pale pale kwenye chuma, ukipungua tupa. Halafu ijaze kwa mdomo ilale usiku kucha, asubuhi ikiwa imelegea ina pancha. Nyingi zina kadonge ka kuyeyuka kakigusa maji, na unyevunyevu wetu huu unakamaliza pole pole, mgeni wangu mmoja ilimlipukia shingoni tukiwa bado tunakunywa chai ufukweni. Tulicheka mpaka tukajuta.

Sasa kuhusu bikoni, kile kifaa cha kuita msaada boti ikizama, maana najua kuna mmoja wenu atauliza. Shemeji yangu anayefanya kazi kwenye boti za Mombasa aliniletea moja imetumika, ile ya njano yenye antena, inayopiga kelele kwa satelaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa dunia wa kutafuta na kuokoa watu, kwa megahezi 406. Ni kitu cha maana sana hicho, watu wa kwanza waliokolewa kwa msaada wa satelaiti hizo mwaka 1982, na ukikiwasha kinatakiwa kiite saa 48 mfululizo. Nikasoma kibandiko, betri ilikwisha 2017. Mimi ni mtu wa mikono, redio natengeneza, injini nafungua, basi nikatoa bisibisi.

Hapo ndipo naomba radhi kwa kila kitu nilichosema juu kuhusu mafundi, kidogo tu. Betri ya ndani ni ya lithiamu, siyo ya tochi, na ukifungua umeshavunja raba inayozuia maji, hata ukifunga vizuri hakuna namna ya kujua inavuja mpaka siku unazama nayo. Na hata ningefaulu, kile kifaa kina namba yake ya tarakimu na herufi 15 iliyosajiliwa kwa boti ya kwanza. Ningebonyeza mimi nazama kando ya visiwa vya Ssese, wangempigia simu bwana fulani wa nchi nyingine aliyeuza boti yake zamani, yuko kwake anakunywa chai, anawajibu "mimi? mimi mzima". Nikarudisha bisibisi. Hiyo moja ni ya watu wenye karakana yake, usiniige kiherehere.

Ila hata hapo mwenye boti ana kazi yake, na hairuki mtu. Tarehe ya betri unasoma wewe. Kitufe cha kujipima unabonyeza wewe, mara moja kwa mwezi inatosha, ukibonyeza ovyo unaila betri. Kile kidude kinachoiachia bikoni ijitoe yenyewe boti ikizama hadi mita chache kina miaka miwili tu kisha kinabadilishwa, na tarehe inatoboa watu macho hawaioni. Na ile kamba yake ndogo, jamani, USIIFUNGE KWENYE BOTI! Ni ya kujifungia wewe au boya lako ukishakuwa majini. Ukiifunga kwenye boti, boti ikienda chini inaivuta nayo chini, inakwenda kuwaitia msaada kambale. Na ikichakaa usiitupe jalalani na betri yake, itawaka huko watu watafute meli kwenye takataka.

Kizima moto kiangalie mshale. Fataki za moto za kuita msaada zina miaka mitatu hivi. Simu kwenye kavera mbili, yaani mifuko ya plastiki, na madumu matupu yaliyofungwa vifuniko vizuri, hayo wavuvi wetu wananifundisha mimi.

Nirudi kwa zile tano. Nilitaka kuzichoma, kwa sababu najua ukizitupa tu jioni ziko mwaloni tena zinauzwa. Mama wa chapati jirani yangu akaziona akaniomba, anataka kitu cha kukalia pale jikoni kwake, benchi linamuumiza mgongo. Nikampa mbili, nikazikata mikanda yote kwanza mbele yake. Akaiminya moja, ikamtiririkia maji kwenye kanga. Huyu mama kila mwezi anavuka na boti yangu kwenda kumwona bintiye Kalangala.

Akanitazama kwa muda, akasema, "Kumbe mzee siku zote mlikuwa mnatuvalisha mito."