DXR isibebeshwe lawama za fosmidomaisini

Wanaoiponda fosmidomaisini, dawa iliyojaribiwa kutibu malaria, wana hoja, na ni haki tuanze na yao. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Msumbiji: watoto wa chini ya miaka 3 wenye malaria walipewa dawa hiyo pamoja na antibiotiki ya klindamaisini, na kufikia siku ya 28 waliopona kabisa hawakufika nusu. Shirika la Afya Duniani hutaka dawa mpya ya malaria iponye angalau asilimia 95. Tangu hapo, ukiitaja DXR utajibiwa kwamba hiyo ilishajaribiwa.

Kilichojaribiwa ni dawa. DXR ni kimeng'enya, yaani protini inayoendesha hatua moja ya kemia ndani ya seli, kinacholengwa na dawa hiyo, na hayo ni mambo mawili.

Kolesteroli yetu, rangi ya karoti na utomvu wa mpira vyote ni isoprenoidi, na vyote hujengwa kwa tofali la kaboni 5. Binadamu hulifyatua kwa njia ya mevaloniti, mfululizo wa hatua za kemia. Bakteria wengi hutumia njia nyingine, ambayo DXR ni hatua yake ya pili. Mfaransa Michel Rohmer na wenzake waliinasa miaka ya 1990, kaboni walizozitia alama zilipoibukia, ndani ya isoprenoidi za bakteria, mahali ambapo njia ya mevaloniti isingezipeleka. Mmea una zote mbili: mevaloniti nje, DXR ndani ya kloroplasti, vile vifuko vya seli vinavyonasa mwanga. Ukiupa mche fosmidomaisini, majani machanga hutoka meupe, maana mkia wa umbijani (rangi ya kijani ya majani) na karotenoidi (rangi kama ile ya karoti) hutegemea njia hiyo ya ndani.

Kimelea cha malaria kina hiyo ya DXR tu. Kiliirithi kwa mwani uliomezwa zamani sana, ambao mabaki yake yamo bado ndani yake: apikoplasti, kifuko chenye tando 4 kisichojua tena mwanga.

Hapa ndipo ninapong'ang'ania. Mwaka 2011, Ellen Yeh na Joseph DeRisi, huko Marekani, waliviwekea vimelea vilivyo ndani ya chembe nyekundu za damu tofali hilo likiwa tayari, kisha wakaiangamiza apikoplasti kwa antibiotiki. Vimelea vikaendelea kuzaana, kizazi baada ya kizazi, bila apikoplasti. Wakiliondoa tofali, vinakufa. Kumbe kifuko kizima, pamoja na mamia ya protini zinazosafirishwa kuingia humo, katika hatua ya damu kinafugwa kwa ajili ya bidhaa moja! Mmea ukizibiwa DXR walau unabaki na mevaloniti. Kimelea hakina pa kukimbilia.

Basi mbona watoto wa Msumbiji hawakupona? Fosmidomaisini ilitoka kwa bakteria wa udongoni ikakuzwa Japani kama antibiotiki. Ikimezwa, sehemu ndogo tu hufika kwenye damu, na baada ya saa chache imeshapungua mno. Mtazame toksoplasma, binamu wa kimelea cha malaria: naye hufa akikosa njia hii, lakini fosmidomaisini haimtikisi kwa sababu haipenyi ndani yake. Watafiti walipompa protini ya kuipitisha, ikamdhuru.

Upande wa pili haujaishiwa. Jaribio la Gabon lililochapishwa 2018, fosmidomaisini ikiwa na piperakwini, dawa nyingine ya malaria, lilifana, ila anayesema piperakwini ndiyo iliyobeba mzigo simbishii. Ile kauli kwamba kimeng'enya hiki binadamu hana, kwa hiyo dawa ni salama, nayo huwa inarukwa haraka mno: bakteria wengi wa utumbo wetu wanacho.

Lakini vimelea vinavyostahimili kiasi artemisinini, mhimili wa matibabu ya malaria ya leo, vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Ningependa kuona molekuli inayokaa damuni siku nzima ikiigonga DXR. Hiyo ndiyo ambayo watoto wa Msumbiji hawakupewa.