Mhudumu wa baa naye ana mapafu

Wavutaji wa hapa Malindi wana jibu lao tayari: "Kama hutaki moshi, usije baa." Kwa mteja jibu hilo linatosha. Mimi moshi ukinizidi nalipa bili, natoka, nahamia kwingine. Lakini dada anayezungusha chupa tangu jioni hadi usiku wa manane ahamie wapi? Kodi ya nyumba anaipata hapo hapo. Mvutaji na asiyevuta wote wamekuja kustarehe, na ndio tunaowagombania. Anayeula moshi kila siku ya kazi hatajwi.

(Jirani zangu wasiokunywa watasema baa zenyewe zifungwe, tumalize. Huo ni mjadala mwingine.)

Sheria tunayo. Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, ikaanza kutumika 2008, na baa zimo. Anayetaka kuvuta aende eneo lililotengwa. Lakini baa nyingi ninazozijua, tangazo liko ukutani na kisahani cha majivu kiko mezani. Ukiuliza unaambiwa paa ni la makuti, pande zote wazi, moshi unaondoka na upepo. Unaondoka kweli, ila unapitia kaunta kwanza. Na hayo makuti! Hata bila habari ya mapafu, mimi ningeogopa kipisi kinachowaka chini ya paa kama lile.

Wenye baa wanahofia kuwapoteza wateja wao Wataliano. Hofu hiyo inanichekesha. Italia ilipiga marufuku kuvuta ndani ya baa na mikahawa Januari 2005. Mtaliano huyo huyo akiwa kwao anatoka nje na baridi yote ile kuvuta sigara yake, na kesho anarudi baa ile ile. Kwetu ndiko atakakosusa, penye joto? Ireland iliwatangulia, Machi 2004, na baa za Dublin zingali zinauza bia.

Hata hilo eneo lililotengwa nina neno nalo. Wengi wanaona limemaliza ugomvi, kumbe meza za huko nazo zina mhudumu. Anaingia na trei, anasubiri oda, anarudi na chenji, moshi wote wake. Basi anayevuta akae huko, lakini kinywaji akichukue kaunta mwenyewe, na chupa tupu azirudishe. Na mkaguzi wa afya akija, asitosheke na tangazo la ukutani. Aulize nani anahudumu mle ndani.