Mgonjwa anasema anasahau, kipimo kinasema yuko vizuri: tumwamini nani?

Huu ugonjwa wa maltipo sklerosisi, wengi wanaufupisha MS, huku Kanda ya Ziwa hauongelewi sana. Ukisema mguu una ganzi na jicho linaona ukungu, wa kwanza atakuuliza umepima malaria, wa pili sukari, wa tatu atashusha sauti aulize kama kuna mtu umegombana naye kijijini. Kumbe ni kinga ya mwili wako mwenyewe imegeuka inashambulia ule utando unaofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Hesabu za mwaka 2020 zilikadiria wagonjwa milioni 2.8 dunia nzima, wanawake wengi kuliko wanaume, na mara nyingi unagundulika mtu akiwa na miaka 20 mpaka 40, umri wa kusaka maisha kabisa.

Ila leo nataka kuongelea kichwa. Tafiti nyingi zinasema wagonjwa kati ya asilimia 40 na 65 wanapata shida kwenye kufikiri, sio ukichaa jamani, ni akili kuwa nzito, kuchelewa kudaka kinachosemwa, kusahau ulichoambiwa juzi. Daktari Mfaransa Charcot alishaliona hilo mwaka 1868, halafu kwa muda mrefu mno watu wakaendelea kuangalia miguu na macho tu.

Sasa ishu iko hapa. Kuna dodoso la maswali 15, MSNQ, lilitoka 2003, mgonjwa anajijibia mwenyewe anasahau kiasi gani, na ndugu yake naye anajaza la kwake. Halafu kuna kipimo cha SDMT, cha kupima kasi ya akili, unapewa vialama tisa vya kuchora, kila kialama na namba yake, unataja namba kwa kasi ndani ya sekunde 90. Ukiweka majibu ya mgonjwa kwenye dodoso pembeni ya alama alizopata kwenye SDMT, mara nyingi haviendani au vinaendana kidogo tu, ila majibu yake yanaendana vizuri na sonona na uchovu, na ya ndugu ndiyo yanayokaribia kipimo.

Kwahiyo wa upande wa kipimo wana hoja. Karibu nusu ya wenye MS wanapitia sonona wakati fulani maishani, na mtu mwenye mawazo kila akisahau funguo anaona ndio ubongo unakwisha, wakati mzima wa afya akisahau hizohizo anacheka tu. Halafu kuna wale walioathirika sana wanaosema niko poa, kwa sababu ile akili ya kujichunguza nayo imeguswa. Hao ndio wa kuogopea, maana hawaji kulalamika popote.

Lakini nenda soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba Mwanza, asubuhi. Mama anauza dagaa, mteja mmoja anapunguza bei, mwingine anadai chenji, simu inaita, kuli anauliza mzigo unaenda gari gani, na yeye kichwani anabeba nani amelipa nani bado. Akichanganya hesabu hapo anapoteza mtaji. Kesho unamkalisha chumba kimya, kazi moja tu, sekunde 90, hana jua la saa nane (na joto linawazidishia dalili wengi wenye MS), anafaulu, unamwambia mama uko sawa. Sawa kwa nani? Kipimo hakijamdanganya mtu, kimejibu swali lingine kabisa.

Pia hiyo "kawaida" imetoka wapi. Alama zinalinganishwa na watu wazima wa afya wa umri na elimu kama yako, na viwango vinavyotumika sana vimetengenezwa Marekani na nchi za namna hiyo. Mhasibu aliyekuwa mkali sana anaweza kushuka kutoka juu mpaka katikati na bado akaitwa wa kawaida, wakati yeye na bosi wake wanajua sio yule. Na aliyeishia la saba, ambaye hajawahi kukaa na karatasi ya vialama vile, anaweza kuonekana ana shida wakati hana.

Mi naegemea hivi: lalamiko la mgonjwa lisitupwe kwa sababu amefaulu, ila kwanza aulizwe usingizi, uchovu na huzuni, maana sonona ina tiba na mara nyingi ndiyo inayoongea. Ndugu naye aulizwe, ila kwa akili, huku kwetu ndugu anaweza kuwa ndiye shemeji anayeitaka ile meza ya sokoni, ukimpa karatasi ya kuandika fulani anasahau sahau umempa silaha. Mi ningemuuliza anayefanya naye kazi.

Na kipimo kikitumika, mtu alinganishwe na yeye mwenyewe. Apimwe mapema tu akishagundulika, arudiwe kila mwaka, na akishuka alama 4 hivi kwenye SDMT wataalamu wengi wanahesabu hilo ni badiliko lenye maana kwenye maisha yake. Hapo hauhitaji viwango vya Marekani, unahitaji ile karatasi, saa, mtu aliyefundishwa kupima, na faili la mwaka jana lisilopotea.