Mwisho wa Vuli Nao Usomwe

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa mwelekeo wa mvua za vuli, sisi wa Tanga huchukua neno moja tu katika taarifa nzima: juu ya wastani, wastani au chini ya wastani. Neno hilo huzungumzwa kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, huenea kwenye simu, kisha taarifa yenyewe huwekwa kando mpaka masika. Kwa maoni yangu, sehemu tunayoiacha, ile inayoeleza mvua zinatarajiwa kuisha lini, ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi kwa mkoa huu, kwa kuwa riziki nyingi za huku hutegemea siku ambayo ngurumo zinakoma na kaskazi, yaani upepo wa kiangazi utokao kaskazini, inashika.

Vuli ya pwani ya kaskazini ni ya Oktoba mpaka Desemba. Katika miezi hiyo jua linaelekea kusini, na ukanda wa mvua, yaani mahali zinapokutana pepo za kaskazini na za kusini, hushuka nalo, ukapita juu yetu na kuendelea hadi kusini mwa nchi na Msumbiji. Ndiyo maana mwezi Januari, wakati Songea na Mbeya wamo katikati ya mvua zao, Tanga huwa kwenye kiangazi: ukanda umeshatupita, na upepo unaotufikia umeambaa na pwani ya Somalia bila unyevu wa kutosha kujenga mawingu mazito. Ukavu huo, hata hivyo, si wa Dodoma. Bahari iko mlangoni, na joto la Februari hapa humtoa mtu jasho hata akiwa kivulini.

Tatizo ni kwamba zamu hii haifuati kalenda. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko kawaida, huku ya upande wa Indonesia yakipoa, vuli huongezeka nguvu na huweza kuchelewa kuondoka. Bahari ilikuwa katika hali hiyo mwaka 1997, ikawa tena mwaka 2019 na mwaka 2023. Katika msimu kama huo, anayepanga kazi zake kwa kuamini kwamba Januari ni ya jua anaweza kupata hasara kubwa.

Wanaoijua hasara hiyo zaidi ni kina mama wanaokausha dagaa. Dagaa wakishachemshwa kwa maji ya chumvi huanikwa juani, na kaskazi ikiwa imeshika, waliotandazwa asubuhi hugeuzwa mchana na jioni wako tayari kufungwa kwenye viroba. Likija wingu moja la saa tisa, kila mtu hukimbilia turubai. Dagaa waliolala na unyevu huamka wamegeuka rangi, vichwa vinaachia, harufu imebadilika, na mnunuzi aliyeahidi bei nzuri huanza kuzungumzia chakula cha kuku. Mtaji wa mama huyo mara nyingi ni wa mkopo wa kikundi, na marejesho hayangoji jua.

Huko Muheza na Korogwe, mahindi ya vuli nayo hukomaa wakati huohuo. Mvua zikiendelea wakati mahindi yamekauka kwenye bua, kuvu huingia, na baadhi ya kuvu hizo hutengeneza sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mkulima aliyejua mapema kwamba vuli itachelewa kuisha angeweza kuandaa chanja yenye paa, akavuna mapema na kukaushia nyumbani. Kinyume chake pia kina madhara: kaskazi ikiwahi, mahindi hunyauka kabla ya kubeba, mwani wa wakulima wa Mkinga hupauka na kukatika kwa joto la maji, na Mto Sigi, unaojaza bwawa la Mabayani ambalo jiji hili linalitegemea kwa maji, huanza kupungua mapema.

Taarifa zenyewe zipo. Mamlaka hutaja muda wa mvua kuanza na kuisha, na baada ya hapo hutoa taarifa za mwezi na za kila siku kumi zinazorekebisha yale ya awali, kwa sababu utabiri wa msimu ni uwezekano na hubadilika kadiri bahari inavyobadilika. Ninachoomba ni redio zetu za jamii zizisome taarifa hizo za Desemba na Januari kwa uzito uleule zinaoutoa kwa tangazo la kwanza, maafisa ugani wazifikishe kwenye magulio, na viongozi wa vikundi vya wavuvi wazibandike kwenye madiko, pale pale dagaa wanaponunuliwa, kabla mama hajatoa fedha yake.